Je, wajua? Leseni ya zana uliyopewa bure haiushiki msimbo wako, inakushika wewe

Swali hili linarudi kila mara kwa madevelopa wa programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha): ukitumia zana ya kampuni yenye leseni iliyofungwa kuandika kitu huria, je kazi yako nayo inafungwa? Watu wengi wanajibu ndio, yaani wanaamini leseni inaambukiza kama mafua, kwamba ukishapitisha mafaili yako kwenye kompaila (zana inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) ya kampuni basi kampuni ina fungu lake humo ndani. Sio hivyo. Hakimiliki ya ulichoandika ni yako, utakiweka chini ya leseni huria kama GPL au MIT unavyotaka, na zana iliyotumika haina sauti hapo.

Chukulia cherehani ya kuazima. Gauni ulilolishona ni lako, mwenye cherehani hana pa kulidai. Isipokuwa pale cherehani inapobandika kipande cha kitambaa chake mwenyewe kwenye gauni, na hilo limeshatokea kweli: Bison, programu ya mradi huria wa GNU inayotengeneza vichanganuzi (sehemu za programu zinazosoma na kuelewa maandishi), ilikuwa inanakili sehemu yake ndani ya faili inalokutolea, kwa hiyo zamani matokeo yake yalibanwa na GPL mpaka waandishi wake walipoongeza ruhusa maalum. Lakini hiyo ni nadra. Kwa kawaida mwenye cherehani anachoweza kufanya ni kukupa masharti wewe unayeitumia: usiunde cherehani ya kushindana na yangu, niachie daftari la kazi zako nilione, na siku nikiitaka naichukua hata kama gauni limefika nusu.

Sasa masharti hayo matatu ndo yalikuwa ya BitKeeper, na hapa stori inanoga sana. Mwaka 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kutumia BitKeeper, programu ya kampuni ya BitMover ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kutunza msimbo wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. Madevelopa wa programu huria walipewa bure, ila kumbukumbu za mabadiliko yao zilitakiwa zitumwe kwenye seva ya wazi, na mwaka huohuo likaongezwa sharti kwamba anayetengeneza programu ya kushindana na BitKeeper haruhusiwi kutumia ile ya bure. Linux yenyewe ilibaki GPL muda wote, hakuna mstari hata mmoja uliobadilika umiliki! Kilichobanwa ni watu, yaani nani anaruhusiwa kuona historia nzima ya mradi kwa zana ileile anayotumia Linus na nani hapana.

Andrew Tridgell, yule aliyeandika programu huria za Samba na rsync, hakuwa amekubali leseni hiyo, na akaanza kuandika programu ya kusoma data za BitKeeper. Baadaye alionyesha mbele ya watu jinsi alivyoanza, akajiunganisha kwenye seva ya BitKeeper kwa telnet (zana ya zamani ya kuongea na seva kwa maandishi), akaandika help, na seva ikamjibu kwa kumpa orodha ya amri. BitMover walikasirika, na Aprili 2005 wakaondoa toleo la bure. Ugomvi huo haukuamuliwa na mahakama, kwa hiyo usiuchukue kama hukumu ya kisheria, ila matokeo yake tunayatumia kila siku: Linus akaanza kuandika Git, zana yake huria ya kazi ileile ya BitKeeper, mwezi huohuo, na Mercurial, zana nyingine ya aina hiyo ya Matt Mackall, nayo ikazaliwa wakati huohuo.

Na hata kulipia hakukuondolei masharti. Mwaka huohuo wa 2005 mchangiaji mmoja wa Mercurial aliacha kuchangia baada ya BitMover kuwasiliana na mwajiri wake, kwa sababu mwajiri alikuwa mteja wa BitKeeper. Msimbo wa Mercurial haukuguswa kabisa, alibanwa mtu. BitKeeper yenyewe ilikuja kuwa huria mwaka 2016, chini ya leseni ya Apache 2.0, wakati huo Git ilishaenea kila mahali.

Kwa hiyo ukipewa zana bure soma kwanza nani anaruhusiwa, alafu wapi. Visual Studio Community, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, kwa mfano inaruhusu mtu yeyote anayefanya kazi ya programu huria, hata akiwa kwenye kampuni kubwa, ila kampuni hiyohiyo ikiitumia kwa kazi zake za kawaida masharti ni mengine kabisa. VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, ndo inachanganya watu zaidi, maana msimbo wake una leseni ya MIT lakini ile unayopakua kwa Microsoft ina leseni ya Microsoft, na nyongeza kama Pylance, ya kusaidia kuandika kwa lugha ya Python, inatakiwa itumike ndani ya bidhaa zao tu. Wanaotumia VSCodium, iliyojengwa kutoka kwenye msimbo huohuo wa MIT, leseni ya Pylance haiwaruhusu, kwa hiyo kwa Python inabidi watafute nyongeza nyingine.