Mgeni Huambiwa Mlangoni

Mwezi uliopita nilikuwa na wageni wanane Mji wa Kale wa Mombasa, tukipita kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Mama mmoja katika kundi akafika kwenye mlango uliokuwa wazi, akasimama, akainua simu. Ndani, bibi alikuwa ameketi mkekani akisukuma mahamri, leso imemteleza mabegani. Alipoiona simu aliivuta leso akajifunika uso mzima, na mikono yake yenye unga ikaacha alama nyeupe kwenye kitambaa. Picha ilikuwa imeshapigwa.

"Hodi, bibi. Twakuomba radhi sana," nikasema.

"Yeye ni mgeni," akanijibu. "Wewe je?"

Nimetembeza watalii miaka 14 na hakuna neno lililonichoma kama hilo. Yule mama mgeni aliifuta picha palepale, macho yamemjaa machozi. Kwake yeye mlango uliofunguliwa ni duka. Hakuna aliyemweleza kwamba hapa kwetu mlango huachwa wazi ili upepo upite, na kwamba anayeketi ukumbini yuko ndani ya nyumba yake kama aliye chumbani. Mimi nilikuwa na nusu saa nzima ya kumweleza. Niliitumia kutaja miaka ya Wareno.

Tangu siku hiyo naamini kwamba sehemu kubwa ya utovu wa adabu wa watalii hutokana na neno lililochelewa. Tazameni wenzetu huko nje. Mwaka 2023 mtalii mmoja alirekodiwa akichonga majina kwa ufunguo kwenye ukuta wa Colosseum, uwanja wa kale wa Roma. Alipoandika kuomba msamaha alisema hakujua jengo lile ni la kale kiasi gani. Wengi walimcheka, mimi nilimwamini. Roma ina faini za kila aina: tangu 2019 hata kuketi kwenye ngazi za Piazza di Spagna kunaweza kukugharimu euro 400. Lakini faini huja baada ya ukuta kuchongwa. China nayo, baada ya kijana wao kukwaruza jina lake kwenye hekalu la Luxor, Misri, ikafahamika 2013, ilitoa kitabu cha adabu za safari chenye kurasa 64. Sijui mgeni gani hubeba kurasa 64 kichwani.

Walionivutia ni watu wa Palau, visiwa vidogo vya Pasifiki. Tangu Desemba 2017, mgeni anayeingia hugongewa muhuri wa kiapo ndani ya pasipoti yake, na hutia sahihi kabla ya kuruhusiwa kupita. Kiapo chenyewe kimeelekezwa kwa watoto wa Palau: nitakanyaga taratibu, sitachukua nisichopewa. Ni maneno machache, yanasemwa mlangoni, na unajua unamwahidi nani.

Sina muhuri wala pasipoti za watu, ila nina kivuli cha mti nje ya Fort Jesus, ngome ya Wareno, na siku hizi hatuondoki pale kabla ya dakika kumi. Sianzi na makatazo. Nawafundisha neno "hodi". Nawaambia: unabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, usipoitikiwa "karibu" unageuka na kwenda zako bila kinyongo, hata sisi wenyeji hufanya hivyo. Simu nayo ina hodi yake. Mkoba wangu una leso tatu kwa walioacha mabega wazi, na namwonyesha mtu namna ya kujifunga vizuri, maana kumtupia tu nguo ni kumwaibisha. Ramadhani naongeza habari ya kula na kunywa njiani. Basi.

Hayo nawaambia hata Wakenya wenzangu, ingawa wengi wetu tunaona haya kumsahihisha mtu wa nyumbani. Desemba mji ukijaa wageni kutoka bara, nimemkuta baba, watoto wake wakimtazama, akikwangua herufi kwenye ukuta wa ngome. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe, ulijengwa kati ya 1593 na 1596, na ufunguo hauhitaji nguvu kuutoboa. Mwanawe akauliza mbona Wareno nao walichora, maana michoro yao ya mkaa na udongo mwekundu imehifadhiwa humo ndani. Swali zuri! Nilimjibu kwamba ile ni kumbukumbu ya askari waliokaa humo mbali na kwao, na kwamba kila jina jipya linafuta kitu kama hicho. Baba akautia ufunguo mfukoni.

Baharini mambo ni magumu zaidi, na hapa lazima tujiseme. Katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa 1986, mtalii anayepigwa picha akiwa na kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kiganjani mara nyingi hakukiokota yeye. Amekabidhiwa na nahodha. Kiumbe yule hupumua majini. Kumtoa juu ili kila abiria apate picha yake ni kumkaba roho. Ndivyo ilivyo pia na kukanyaga matumbawe: yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, na miamba yetu ilishapigwa vibaya na joto la bahari la 1998. Mgeni akiona mwenyeji anasimama juu ya tumbawe kushika kamba ya mashua, atajuaje kwamba ni kosa?

Nahodha mmoja ninayemheshimu aliniambia wazi: "Kaka, nikikataa kuokota, bakshishi yapungua, na kesho wageni wahamia mashua ya pili." Namwelewa, ana watoto wa kulisha. Peke yake hawezi. Ndiyo maana nawaomba wenye mashua wote wa Nyali na Bamburi, pamoja na sisi tunaowaletea wageni, tukutane pale ufukweni kabla ya Desemba tukubaliane jambo moja: hakuna kiti cha pweza kitakachotoka majini, kwenye mashua ya yeyote. Maneno ya kumwambia mgeni anapopanda, nitayaandika mimi.