Kamisheni ya wakala wa Medicare: yanayosemwa na yalivyo

Medicare ni bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliofikisha miaka 65 na kwa baadhi ya watu wenye ulemavu. Kampuni binafsi zinauza bidhaa tatu pembeni yake. Medicare Advantage inachukua nafasi ya utaratibu wa kawaida wa serikali, Sehemu D ni ya dawa, na Medigap inalipia gharama ambazo Medicare ya kawaida inamwachia mgonjwa. Ukishazitofautisha hizo tatu, hesabu za wakala hazitakupiga chenga. Walio na mama au baba aliyepokea kadi yake juzi wana sababu ya kuzijua, maana simu za mawakala hazitachelewa.

“Nikipitia kwa wakala nitalipa zaidi”

Ada ya bima ni ileile ukijiandikisha kwenye tovuti ya Medicare, ukipiga simu kwenye kampuni au ukijaza fomu na wakala mezani kwako. Kamisheni inatoka kwenye kampuni ya bima, na wakala haruhusiwi kukutoza chochote kwa kukuandikisha. Anayeomba hata dola kumi “za usumbufu” amevunja kanuni. Upande wa pili, ukimruka wakala hupunguziwi kitu: kamisheni inabaki kwa kampuni.

“Serikali ndiyo inayowalipa”

Serikali haimlipi wakala hata senti. CMS, idara inayosimamia Medicare, hutangaza kila mwaka kikomo ambacho kampuni isikivuke kwa Medicare Advantage na Sehemu D. Kwa 2025, kikomo cha Advantage katika majimbo mengi kilikuwa dola 626 kwa mwaka wa kwanza wa mteja na 313 kwa kila mwaka anaoendelea. California na New Jersey kilikuwa 780 na 390. Connecticut, Pennsylvania na Washington D.C. 705 na 353. Sehemu D ilikuwa vijisenti ukilinganisha: 109, kisha 55.

Hicho ni kikomo tu. Kampuni inaweza kulipa chini yake au isilipe kabisa, na miaka ya karibuni kadhaa zimefuta kamisheni kwenye baadhi ya mipango ambayo hazikutaka wateja zaidi.

“Mpango wenye ada kubwa unamnenepesha wakala”

Kwenye Advantage, hapana. Kikomo kinahesabiwa kwa kichwa, hakifuati ada. Mpango wa dola 0 kwa mwezi na wa dola 90 vinaweza kumlipa sawasawa. Ukimshuku wakala kwa sababu amependekeza Advantage hii badala ya ile, mara nyingi unamwonea.

Kishawishi kipo kwingine: kati ya Advantage na Medigap. Kamisheni ya Medigap haiwekewi kikomo na CMS. Ni asilimia ya ada, inayopangwa na kampuni chini ya sheria za jimbo, na mwenye Medigap hununua Sehemu D kando. Chukua mfano wa kukadiria, kwa vikomo vya 2025: Medigap ya dola 150 kwa mwezi, kamisheni asilimia 20. Hiyo ni 360 kwa mwaka. Ongeza 109 za Sehemu D, unapata 469. Advantage ingemlipa hadi 626 kwa fomu moja badala ya mbili. Mwaka wa pili mizani inageuka: 313 kwa Advantage, na kama asilimia haijashuka, 360 na 55 upande wa pili, yaani 415. Kwa hiyo wakala mwenye njaa ya leo anavutwa upande mmoja, na anayejenga kitabu cha wateja wa kudumu anaweza kuvutwa mwingine.

Kwa mteja, kosa la kuchagua upande usiomfaa ni gumu kulirekebisha. Ukiwa na miaka 65 au zaidi na Sehemu B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari) ikaanza, una miezi 6 ya kununua Medigap bila kampuni kukukataa kwa ajili ya ugonjwa. Dirisha hilo likifungwa, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukuuliza kuhusu kisukari au moyo na kukunyima.

“Kila akinihamisha anavuna upya”

Kuhama kutoka Advantage moja kwenda nyingine hakumpi wakala malipo ya mwaka wa kwanza. Analipwa kwa kiwango cha kuendelea, tena kwa miezi iliyobaki tu. Mteja akihama kuanzia Julai 1 mwaka 2025, wakala mpya alistahili nusu ya 313, yaani kama dola 156, na kampuni ya zamani ikamdai wakala wa zamani arudishe malipo ya miezi iliyobaki. Kuhamishahamisha wateja ndani ya aina moja hakuna faida ya maana, isipokuwa kwa wakala anayemnyang’anya mwenzake mteja.

“Akishalipwa, amelipwa”

Mteja akijitoa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kampuni humdai wakala arudishe kamisheni yote, isipokuwa kwa sababu chache kama kifo au kuhama eneo. Baada ya hapo hudai ya miezi ambayo mteja hakuwepo. Ndiyo maana wakala anayekupigia Februari kuuliza kama daktari wako amekubali kadi mpya hakupigii kwa upole peke yake. Malipo ya kuendelea nayo yana masharti: leseni ya jimbo iwe hai na mtihani wa kila mwaka ufauliwe, alama 85 kwa mia au zaidi.

“626 ndiyo pesa yote inayozunguka”

Juu ya wakala kuna mashirika ya masoko yanayolipwa na kampuni za bima kwa mafunzo, mifumo ya simu na kutafuta wateja. Pesa hizo hazihesabiwi ndani ya kikomo. CMS ilijaribu kuzibana kwa kanuni ya Aprili 2024, lakini Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikazuia sehemu hiyo isianze kutumika. Ukitaka kujua kwa nini kituo kikubwa cha simu kinashupalia kampuni moja, tazama hapa kabla ya kutazama kamisheni.

“Atanionyesha mipango yote”

Anaonyesha ya kampuni alizosaini nazo mkataba. Muulize: “Unauza za kampuni ngapi katika kaunti hii, na zipi huuzi?” Muulize pia kama anauza Medigap, asipouza, hutaisikia kwake. Kila jimbo lina washauri wa bure wa SHIP, mpango wa kuwasaidia watu wa Medicare, wasiolipwa kamisheni na yeyote, na laini ya Medicare, 1-800-633-4227, hutoa mkalimani bila malipo. Mhudumu akipokea mwambie “Swahili”, usubiri mkalimani aunganishwe.