Dampingi haipangwi bandarini: njia halali za kupunguza ushuru kwa waagizaji wa Kigoma

Malalamiko kuhusu ushuru wa kudhibiti bidhaa za bei ya kutupa, ambao wafanyabiashara wengi wanauita dampingi, yameongezeka kwenye kaunta zetu za forodha hapa Kigoma. Wapo wenye hoja za msingi. Wapo pia wanaoamini kwamba afisa wa zamu bandarini au pale Manyovu ndiye anayejipangia kiwango. Hapana. Forodha inakusanya tu. Kiwango hutokana na uchunguzi unaosimamiwa na wizara yenye dhamana ya viwanda na biashara, kwa mujibu wa sheria yetu ya mwaka 2004 kuhusu bidhaa za bei ya kutupa, Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki na makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani. Kumgombeza afisa kaunta hakubadilishi kitu.

Bidhaa kuwa rahisi si kosa. Kinachopimwa ni bei ambayo kiwanda kinauza kwao ikilinganishwa na bei kinayouza nje, zote zikihesabiwa mlangoni mwa kiwanda kabla ya nauli na bima. Kama baiskeli inauzwa huko kwao kwa 100,000 na sisi tunauziwa kwa 80,000, tofauti ni 20,000, yaani asilimia 25 ya bei ya kuuzia nje. Bei ya Kariakoo au ya Bujumbura haihusiki, ingawa kila wiki tunaletewa hoja hiyo.

Hata tofauti hiyo peke yake haitoshi. Lazima ithibitike kwamba viwanda vya ndani vinaumia, na kwamba vinaumia kwa sababu ya bidhaa hizo. Tofauti isiyofika asilimia 2 inafuta shauri. Mzigo wa nchi moja usiofika asilimia 3 ya bidhaa hiyo yote inayoingizwa nchini, kwa kawaida hauguswi, isipokuwa nchi za namna hiyo zikijumlishwa zipite asilimia 7. Uchunguzi unatakiwa uishe ndani ya mwaka mmoja, na kwa vyovyote usizidi miezi 18. Ushuru ukiwekwa hudumu miaka 5, kisha hukoma isipokuwa mapitio yaonyeshe kwamba madhara yangerudi.

Sasa njia halali. Ya kwanza ni kumjua mtengenezaji. Viwanda viwili vya mji mmoja vinaweza kuwa na viwango tofauti kabisa, kwa sababu kilichofungua vitabu vyake kwa wachunguzi hupewa kiwango chake, na kilichonyamaza hukadiriwa kwa taarifa zilizopo, ambazo mara nyingi hazikipendelei. Kwa hiyo kabla hujatuma fedha, uliza jina la kiwanda. Jina la dalali wa Guangzhou halitakusaidia. Kama kiwanda hakikuwa kikiuza kwetu wakati wa uchunguzi, na hakina uhusiano na vile vilivyotozwa, kinaweza kuomba mapitio ya muuzaji mpya ili kipate kiwango chake. Kiwanda kinaweza pia kuahidi kupandisha bei, na ahadi ikikubaliwa ushuru hautozwi. Utanunua ghali zaidi, lakini gharama utaijua mapema.

Vilevile mwagizaji ni mhusika halali katika uchunguzi. Tangazo likitoka, andika, wasilisha takwimu zako, eleza kama bidhaa hiyo haitengenezwi nchini kabisa. Wengi hunyamaza miezi yote hiyo, kisha wanalalamika siku mzigo unapofika kwa treni.

Kwa bidhaa yenye utata, omba kwa maandishi uamuzi wa awali wa forodha kuhusu namba yake ya ushuru na nchi ya asili. Bidhaa iliyotengenezwa kweli Burundi au Kongo ina haki zake ndani ya Jumuiya, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Lakini mzigo wa China uliopakuliwa Bujumbura na kuvushwa ziwani unabaki kuwa wa China. Umoja wa Ulaya ulitoza baiskeli za China tangu 1993, kiwango kikafika asilimia 48.5, na mwaka 2013 ukatoza pia baiskeli zilizopitishwa Indonesia, Malaysia, Sri Lanka na Tunisia. Ujanja huu unajulikana duniani kote.

Jambo linaloniumiza zaidi ni ankara za kupunguza bei. Kiwanda cha ndani kinapolalamika, takwimu za forodha ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza unaotazamwa. Ukitamka nusu ya bei uliyolipa, unaandika kwa mkono wako kwamba msambazaji wako anauza kwa bei ya kutupa, na unawatwisha mzigo huo hata wenzako waliotamka kweli.

Adhabu ziko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Tamko au nyaraka za uongo, kifungu cha 203: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Magendo, kifungu cha 200: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Ushuru uliopunjwa unaweza kudaiwa hadi miaka 5 baadaye, na penye udanganyifu ukomo huo haupo. Kwa hiyo tunzeni nyaraka.

Ukiona tumekosea namba, thamani au asili ya mzigo, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kumwandikia Kamishna na kueleza sababu. Naye ana siku 30 kujibu, na asipojibu, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 45 kwenda kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Marejesho ya ushuru uliolipwa kimakosa yanaombwa ndani ya miezi 12. Leteni kadhia (tamko la forodha), ankara, uthibitisho wa malipo ya benki na cheti cha uasili kwa pamoja, kwa sababu ombi lisilo na uthibitisho wa malipo hurudishwa, na siku zinaendelea kuhesabiwa.