Maziwa Hayatoi Risasi Mwilini: Maswali ya Wanaorudia Kuyeyusha Risasi Nyumbani

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi ya bunduki na risasi ile metali laini, nzito, ya kijivu. Hapa tukisema "risasi" tunamaanisha metali; kile kinachosubiwa kwenye kalibu tutakiita kichwa cha risasi. Majibu haya ni kwa mtu mwenye kibali chake cha bunduki, aliyeiacha kazi hii ya kuyeyusha risasi na kusubu vichwa nyumbani miaka kadhaa, na sasa ameitoa sufuria stoo anataka kuanza upya. Wanaoyeyusha risasi kutengeneza chubwi za kuvulia samaki wasome pia, maana sumu ni ile ile.

Swali: Risasi inaingiaje mwilini?

Kwa mdomo na kwa pumzi. Ukishika kipande kizima kwa mkono mkavu, haipenyi ngozi kwa kiasi cha kutisha. Shida inaanza mkono huo ukienda kwenye sigara, karanga au mswaki.

Swali: Nilisubu miaka kumi nikiwa kijana na sikuugua. Kwa nini niogope leo?

Kwa sababu huanzi sifuri. Risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ila nyingine haitoki nje, inahamia mifupani. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyo mwilini mwa mtu mzima imo ndani ya mifupa, na hukaa humo makumi ya miaka ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Mfupa ukianza kupungua kwa uzee, au mtu akilala kitandani muda mrefu kwa kuvunjika, akiba ile inafunguliwa. Ukirudia kazi, unaweka juu ya deni la zamani.

Na hilo la "sikuugua" ulilijuaje? Ulipima damu? Wengi wakiulizwa hivyo hunyamaza.

Swali: Mimi nikimaliza kazi nakunywa nusu lita ya maziwa. Si yanasafisha?

Hayasafishi. Tunalisikia hili kila mara, na anayelisema huwa amekwisha kaa miezi bila kupima kwa kuwa anajiona amekingwa.

Imani hii ina punje ya ukweli. Mwili wenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hunyonya risasi kidogo kuliko mwili wenye upungufu, na tumbo tupu hunyonya zaidi kuliko lililoshiba. Basi kula vizuri kabla ya kazi. Lakini risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu, maziwa hayaitoi. Iliyo mfupani hayaifikii. Uliyoivuta kwa pumzi haikupita hata tumboni, sasa maziwa yataikuta wapi? Mbaya zaidi ni yule anayenywa glasi yake palepale penye sufuria, mkono haujanawiwa: anajilisha risasi kwa maziwa.

Swali: Kilicho hatari ni moshi, sivyo? Nikikaa nje penye upepo nimemaliza?

Nusu tu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi, na kusubu hufanyika vizuri kati ya 350 na 400. Kwenye joto hilo mvuke wa risasi yenyewe ni mdogo. Ukivuka 500 unaongezeka haraka. Kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya sufuria, usikadirie kwa macho. Moshi mwingi unaouona ni wa nta, mafuta na uchafu unaoungua, nao usiuvute.

Adui mkubwa ni vumbi, ambalo halinuki wala halichomi macho. Juu ya risasi iliyoyeyuka hujitanda utando wa kijivu, wakati mwingine wa manjano. Ukiukwangua na kuutupa pembeni, ukipoa unakuwa unga laini kuliko unga wa ngano. Unga ule unapanda juu, unashika nyusi, ndevu na mikono ya shati. Hapo ndipo watu wanapojimaliza.

Basi fanya hivi: koroga taratibu, engua kwa kijiko kirefu bila kugonga ukingo, mimina takataka moja kwa moja kwenye kopo la chuma kavu lenye mfuniko, funika, andika "SUMU". Usiipulize wala usiifagie. Sakafu na meza pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kisha kitambaa kitupwe. Barakoa ya kitambaa haizuii unga huu. Kinachofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya P100 au P3 (madaraja ya kuzuia vumbi laini kabisa) inayobana uso vizuri, na kwenye ndevu haibani.

Anayetumia mashine kavu ya kuzungusha kusafisha maganda ya bunduki yaliyokwisha kupigwa ajue kwamba vumbi la mle ndani lina risasi nyingi iliyotoka kwenye fataki, yaani kiwashio cha kitakoni mwa ganda. Kuimwaga ile mashine sebuleni ni sawa na kumwaga takataka ya sufuria.

Swali: Naweza kuvunja betri za gari nikapata risasi ya bure?

Hapana. Betri ina asidi ya salfuriki, na unga wake ni risasi iliyo tayari kunyonywa. Sahani zake zina antimoni, kalsiamu na pengine aseniki. Takataka yake ikipata unyevu inaweza kutoa gesi zinazoua. Betri irudishwe kwa wanaozirejeleza.

Vyuma vya kusawazishia magurudumu navyo vichambue, vingi siku hizi ni zinki au chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, kwa hiyo ukibaki chini ya 400 itaelea nzima na utaiengua. Ukipitisha joto itachanganyika, vichwa vitatoka na mikunjo, na umeharibu sufuria nzima.

Swali: Na kuungua?

Tone moja la maji likizama kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa mpigo na kurusha risasi hadi usoni. Jasho la paji la uso hudondoka hivyo hivyo. Kila kipande kipya kipashwe moto ukingoni mwa sufuria kwanza, na kijiko pia. Vaa miwani ya kukinga, glavu za ngozi, viatu vilivyofunikwa, na suruali ya pamba ishuke juu ya kiatu, isichomekwe ndani. Ukiungua, weka maji yatiririkayo dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno na mafuta viache bafuni.

Swali: Natumia jiko la nyumbani, ila sufuria naiosha sana. Kuna ubaya?

Upo. Sufuria, kijiko na jiko vilivyogusa risasi havirudi kwenye chakula, hata ukivisugua kwa mchanga wa bahari nzima. Fanyia kazi nje, mbali na madirisha na mahali watoto wanapocheza. Kazini hakuna kula, kunywa, kuvuta sigara wala kushika simu. Ukimaliza nawa kwa sabuni na brashi ya kucha, nawa uso, oga na kichwa, badili nguo. Viatu vya kazi visivuke mlango, nguo zifuliwe peke yake. Mtoto anayemkimbilia baba akamkumbatia na shati lile ndiye anayelipa gharama ya burudani hii.

Mtoto hunyonya hadi nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima hunyonya kiasi kidogo sana kuliko hicho. Ubongo wake bado unajengwa, na kilichoharibika hakirudi. Mjamzito na anayenyonyesha wasikaribie kabisa, maana risasi hupita kwenye kondo. Mtoto akimeza kipande, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha. Asidi ya tumbo inaendelea kukiyeyusha. Usimtapishe. Na usimpe maziwa mkakaa kusubiri kesho.

Swali: Dalili gani nizisubiri?

Usisubiri dalili. Tunarudia: usisubiri dalili. Presha kupanda na figo kuumia hutangulia bila maumivu. Dalili zikija huwa ni tumbo kusokota, kufunga choo, kichwa kuuma, usingizi kupotea, hasira za bure, kusahau, viungo kuuma, hamu ya tendo la ndoa kushuka, damu kupungua. Kila moja ina jina lake mtaani: vidonda vya tumbo, uchovu, utu uzima. Mgonjwa anameza dawa za tumbo wiki sita, anaongeza maziwa kwa kuwa yanatuliza, na sufuria inaendelea kuchemka nyuma ya nyumba. Kifundo cha mkono kikianza kulegea usiweze kuunyanyua, umechelewa sana.

Mtoto mwenye degedege, kutapika kusikokoma au kusinzia kusiko kwa kawaida ni dharura, saa hiyo hiyo.

Swali: Nipime nini na lini?

Kiwango cha risasi kwenye damu, itolewe kwenye mshipa. Damu ya ncha ya kidole chenye vumbi hutoa jibu la uongo. Pima kabla ya kuwasha moto mara ya kwanza, ili ujue deni lako la zamani. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, kisha kila miezi sita ukiwa bado unasubu. Watoto wa nyumba hiyo wapimwe pia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Hiyo 5 isisomwe kama ruhusa ya kukaa kwenye 4. Kiwango salama hakijulikani.

Swali: Jibu likija juu, si kuna dawa? Nitatumia huku nikiendelea taratibu.

Dawa za kuvuta risasi zipo, ni za viwango vya juu, hutolewa chini ya uangalizi wa daktari na zina madhara yake kwa figo na ini. Ukizitumia huku bado unapata risasi mpya, unajaza mtungi unaovuja, na baadhi zinaweza kuongeza unyonyaji. Tiba ya kwanza ni kuzima jiko.

Ukifika kwa daktari usianze na tumbo. Anza na sentensi hii: "Ninayeyusha risasi nyumbani." Taja tangu lini, mara ngapi kwa mwezi, na nani wanaishi humo. Bila sentensi hiyo hata daktari mzuri atakuandikia dawa ya vidonda vya tumbo.