Mkojo kurudi kwenye figo za mtoto: dhana na ukweli

"Homa inayojirudia ni malaria, au meno."
Meno hayaleti homa ya nyuzi 39. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na mtoto hana mafua wala kuhara, mkojo upimwe maambukizi na uoteshwe (maabara huangalia vijidudu vinavyokua) kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Mkojo uliokingwa kwa mfuko wa kubandika huchanganyika na vijidudu vya ngozi, usitegemewe kwa kuotesha.

"Ultrasaundi ni safi, basi hana tatizo."
Mkojo unaorudi hubainika kwa eksirei: kibofu hujazwa dawa inayoonekana kwenye picha kupitia mpira mwembamba, picha zikapigwa hadi mtoto anapokojoa. Hapo ndipo hupatikana daraja la ukali wa tatizo, la 1 (dogo) hadi la 5 (kubwa).

"Lazima apasuliwe."
Daraja la 1 na la 2 mara nyingi huisha lenyewe. Sehemu ya mrija (unaoleta mkojo kutoka figo) inayopita ndani ya ukuta wa kibofu hurefuka mtoto akikua, na kibofu kikijaa huubana.

"Upasuaji wa matundu madogo ni mwepisi, ukifanyika umemaliza."
Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Njia ni mbili. Ya kwanza haina hata tundu: kamera hupitishwa njia ya mkojo, kisha jeli, kwa kawaida isiyozidi mililita 1, huchomwa chini ya mdomo wa mrija. Mtoto huweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo, ila wengine huhitaji kurudiwa. Ya pili ni laparoskopi, yaani kamera na vifaa hupitishwa tumboni kwa matundu ya milimita 3 hadi 5: mrija hulazwa chini ya msuli wa kibofu, kwa urefu unaolengwa kuwa mara tano ya upana wake. Ukilazwa mfupi, mkojo utarudi. Ukikunjika, figo itavimba. Pande zote mbili zikifanywa pamoja, mtoto anaweza kushindwa kukojoa kwa muda, kwani neva za kibofu huguswa.

Choo kigumu na kubana mkojo huharibu kazi nzuri ya daktari. Tibuni choo kwanza, na mtoto akojoe kila baada ya saa 2 au 3, hata shuleni. Kiangazi cha Dodoma kikikaza, maji yasipungue. Mvulana mwenye mkojo dhaifu wa kudondoka achunguzwe kwanza kama njia yake ya mkojo imeziba.

Anayetoka Kondoa au Mpwapwa kwa rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, abebe picha na majibu yote ya kuotesha. Baada ya upasuaji, homa, kutapika au maumivu ya ubavu ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.