"Chumvi imeisha, Mwalimu"

Kila mwaka hapa Goma natia kijiko cha chumvi katika glasi ya maji, nakoroga, kisha nauliza chumvi iko wapi. Darasa zima hujibu: "Imeisha, Mwalimu."

Haijaisha. Pima gramu 100 za maji, tia gramu 5 za chumvi, koroga, urudishe kwenye mizani: utasoma 105. Chumvi imesambaa kati ya chembe za maji, ndogo kiasi kwamba jicho haliioni na kitambaa hakiinasi. Mwaga maji hayo kwenye sahani uyaanike juani, nayo itarudi nyeupe kama mwanzo.

Jibu hilo la "imeisha" wanafunzi hurudi nalo nyumbani, kwenye bidoni ya maji ya kunywa. Wanaamini maji maangavu ni maji matupu, na kwamba yakishachemka hayana tena ubaya. Kuchemsha kunaua vijidudu, vya kipindupindu vikiwemo, na naomba mtu asiache kuchemsha. Lakini chumvi na madini yaliyoyeyuka hayapandi na mvuke. Katika eneo hili la volkano kuna maji yenye madini ya floraidi kwa wingi, na moshi wa Nyiragongo huitia hata kwenye mvua tunayokinga kwenye mabati. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi hapo miaka yote meno yake yanapokua, yanaweza kutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Ukiyachemsha, maji yanapungua na floraidi inabaki yote, kwa hiyo kila kikombe kinabeba zaidi ya awali. Kitambaa nacho kinazuia matope tu. Floraidi huondolewa kwa njia nyingine, kama kupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa.

Wanaopika kanyanga, pombe kali ya kukeneka kwa mvuke, wana dhana yao: kwamba pombe huchemka kwa nyuzi 78, kwa hiyo itatoka yote kwanza, halafu maji. Ukweli ni kwamba mvuke hubeba vyote viwili tangu tone la kwanza. Pombe huwa nyingi mwanzoni, kisha hupungua polepole. Hata ukirudia kukeneka mara nyingi, njia hiyo ya kawaida haivuki asilimia 96 hivi.

Wengine hudhani kinachoyeyuka majini lazima kiwe kigumu. Fungua chupa ya soda uone: yale mapovu ni gesi iliyokuwa imeyeyuka, ikishikiliwa na shinikizo. Ziwa Kivu liko vivyo hivyo. Lina kina cha mita 485 hivi, na chini kabisa maji yamebeba takribani kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikipimwa kama gesi huku juu. Uzito wa maji ndio unaozizuia. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huvuta maji kutoka mita 350 hivi. Yakipanda shinikizo linashuka na gesi inatoka yenyewe. Kisha gesi hiyo huoshwa kwa maji: hewa ukaa huyeyuka kwa urahisi kuliko methani, basi inabaki majini, na methani inakwenda kuzalisha umeme. Hakuna mfano wa kutenganisha vitu ninaoupenda kuliko huu.

Inabaki mazuku, ile hewa ya mabondeni huku kwetu inayoua ghafla. Wapo wanaosema ni pepo, na wapo waliosoma wanaosema hewa ukaa, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hujitenga chini kama maji chini ya mafuta. Wote wamekosea. Gesi zikishachanganyika hazijitengi zenyewe. Mazuku hutokea kwa sababu hewa ukaa inavuja ardhini mfululizo na kujaa mabondeni usiku upepo unapotulia, kabla haijapata wa kuichanganya. Upepo ukija inatawanyika, usiku unaofuata inajaa tena. Ndiyo maana mbuzi na watoto wadogo hufa mahali ambapo mtu mzima amepita akiwa wima bila kuhisi kitu.