Neema tangulizi: Mungu anapoanza kabla ya mtu kuitika

Mara nyingi mabishano ya Waprotestanti kuhusu hiari ya mwanadamu huelezwa kwa mkato: Wakalvini ndio watu wa neema, Waarminiani ndio watu wa hiari. Mgawanyo huo unakaririka haraka, lakini unapotosha. Jacobus Arminius, mchungaji wa Amsterdam aliyekuja kuwa profesa huko Leiden mwaka 1603, alifundisha kwamba mwanadamu aliyeanguka hawezi kuwaza, kutaka wala kutenda jema la kweli mpaka Mungu amfanye upya. Hapo hata John Calvin, mwanamatengenezo ambaye Wakalvini wamechukua jina lake, angeitikia amina. Walikoachana ni kwenye hatua inayofuata, yaani neema hiyo ikishamfikia mtu inamfanyia nini, na je, anaweza kuikataa?

Neema tangulizi ni kazi ambayo Mungu huifanya ndani ya mtu ambaye bado hajamtafuta. Ndiyo inayoichoma dhamiri, inayomfanya asikie Injili na kuona kuwa inamhusu yeye, na inayomrudishia uwezo wa kuitika ambao dhambi iliuua. Kwa fundisho hili, neema hiyo peke yake haijamwokoa. Inamfikisha mahali anapoweza kusema ndiyo, na kwa sababu hiyo hiyo anaweza kusema hapana.

Chukua mgonjwa aliyeletwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu. Hawezi kuombwa ridhaa ya upasuaji, kwa kuwa hasikii. Kwa Arminius, na baadaye kwa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, daktari humzindua kwanza, kisha humweleza hali yake na kumwachia akubali au akatae. Kwa Mkalvini, daktari hampi fomu ya kutia saini. Anampasua, anamponya, na mgonjwa anaamka akiwa mzima na mwenye shukrani. Kwa Pelagio, yule mwalimu ambaye mafundisho yake yalilaaniwa katika mtaguso wa Karthago mwaka 418, mgonjwa hakuwahi kuzimia. Alihitaji ushauri tu.

Waprotestanti wa kwanza hawakuwa na haja ya kumpa mwanadamu nafasi hata hiyo ndogo. Erasmus, mwanazuoni Mkatoliki, alipoandika kuitetea hiari mwaka 1524, Luther alimjibu mwaka uliofuata kwa kitabu kizima kuhusu utumwa wa nia, akamsifu kwa kuigusa hoja yenyewe badala ya kumsumbua na habari za papa na toharani. Hilo si jambo dogo: kwa Luther, ugomvi wote wa Matengenezo ulisimama hapo.

Arminius alifariki mwaka 1609. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliandika hoja tano, na ile ya nne ndiyo inayotuhusu. Inasema neema ni mwanzo, mwendelezo na mwisho wa kila jema, ila mtu anaweza kuipinga, na inataja Matendo sura ya 7, ambako Stefano anawaambia wasikilizaji wake kwamba siku zote wanampinga Roho Mtakatifu. Sinodi ya Dordrecht ya 1618 hadi 1619, mkutano mkuu wa kanisa la Kikalvini la Uholanzi, iliikataa hoja hiyo. Siasa nayo ilikuwa imeshachanganyika na dini: Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mkongwe wa Uholanzi aliyewakingia kifua Waarminiani, alikatwa kichwa mwezi Mei 1619 akiwa na umri wa miaka 71. Hata hivyo, tuitendee haki sinodi hiyo. Iliandika wazi kwamba Mungu hawatendei watu kana kwamba ni magogo na mawe, wala haiondoi nia yao. Anaihuisha na kuigeuza hadi itake yenyewe.

Jina la neema tangulizi lilikuja kuvuma kwa Wesley. Mwaka 1739, huko Bristol, alihubiri kwa ukali dhidi ya fundisho la kuchaguliwa tangu asili, ingawa rafiki yake George Whitefield aliliamini. Kabla ya hapo alipiga kura kujua afanye nini, na kura ikatoka: hubiri na uchapishe. (Mtetezi wa hiari akaacha kura imwamulie! Ila kwake yeye hiyo ilikuwa njia ya kumuuliza Mungu.) Whitefield alimjibu kwa barua ndefu mwishoni mwa 1740. Wesley hakubadili msimamo, na mwaka 1785 akaueleza tena kwa kutumia Wafilipi 2:12-13: Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kwa hiyo mnaweza kufanya kazi, na kwa hiyo mnapaswa.

Kwenye mikutano ya Injili kwetu, wakati wa kuwaita watu mbele, utasikia: "Mungu ameshamaliza sehemu yake, sasa imebaki kwako." Wengi hudhani huo ndio Uarminiani. Sivyo. Kwa Wesley, hata ile hatua ya kuinuka kwenye kiti ni Mungu aliyeiwezesha, na anaendelea kuiwezesha mtu akiwa bado anatembea. Kauli ile, ukiipima vizuri, iko jirani na Pelagio kuliko mhubiri anavyodhani.

Swali gumu kwa Waarminiani ni hili: ikiwa wawili wamepewa neema ileile, mmoja akaamini na mwingine akakataa, tofauti imetoka wapi? Wakisema imetoka kwa mtu, Mkalvini atauliza kama aliyeamini hana sababu ya kujisifu. Naye Mkalvini anasubiriwa na swali zito zaidi kwa maoni yangu: kama neema haipingiki, mbona Mungu hawapi wote?

Walutheri, wakiwemo mamilioni ya Watanzania walio KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), wamerithi jibu la tatu. Fomula ya Maafikiano ya 1577, ungamo lao la imani, inasema aokokaye ameokolewa kwa neema peke yake, hakuchangia kitu. Apoteaye amepotea kwa kukataa kwake mwenyewe, Mungu hakumpangia. Ukiwauliza sentensi hizo mbili zinaunganaje, watakuambia Maandiko yanasema zote mbili, na hawana ruhusa ya kuifuta mojawapo ili hesabu ikae sawa.